Calypso Hasemi Uongo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Twisted Metal

Barua za safari hii zimetoka Malindi na Lamu, na karibu zote zinamzungumzia mtu mmoja: Calypso, yule mwenye mashindano ya magari yanayopigana katika michezo ya Twisted Metal, anayempa mshindi ombi moja kisha ombi lenyewe likamgeukia. Tumezipanga zile zenye uzito kwanza, na zile fupi tumezijibu kwa ufupi. Barua ya vijana wa Langoni imetuchukua nafasi kubwa kuliko zote, nayo inastahili.

Huyu Calypso ni jini? Mdogo wangu anashikilia kuwa ni jini wa chupa, mimi nasema ni binadamu. Tuamulieni. (Msomaji, Maweni, Malindi)

Hayumo chupani wala hana maombi matatu. Katika mchezo wa kwanza, uliotoka 1995 kwa PlayStation, Calypso ni mtu mwenye makovu ya moto usoni anayeandaa mashindano katika mji wa Los Angeles usiku wa kuamkia Krismasi. Magari ni 12, kila moja limefungwa bunduki na makombora, na anayebaki mzima peke yake ndiye anayekwenda kumwona. Huko anaulizwa swali moja tu: wataka nini? Hakuna bei inayotajwa, wala hakuna kikomo. Ndiyo maana wanakuja watu wa kila aina: dereva wa teksi, polisi, mwanajeshi, na yule mwenye gari la aiskrimu, Needles Kane, anayejulikana zaidi kwa jina la Sweet Tooth.

Nguvu zake ni kama za jini, hilo mdogo wako hakukosea. Lakini jini wa hadithi zetu amefungwa, anamtumikia aliyemtoa. Calypso hakufungwa na mtu. Yeye ndiye aliyeyaita mashindano, ndiye aliyeweka zawadi, na ndiye anayeamua neno lako lina maana gani. Kama unataka wa kumlinganisha naye, afadhali umfananishe na mganga anayekwambia "sema unalotaka" halafu akanyamaza akusikilize mpaka mwisho. Tofauti ni kwamba huyu kweli analileta.

Katika mchezo wa 2012, uliotoka kwa PlayStation 3, amegeuka tajiri wa mjini mwenye kampuni yenye jina lake, Calypso Industries, lakini kazi yake ni ile ile.

Asalaam aleikum. Nilinunua Twisted Metal: Black ya PS2 kwa mtu aliyerudi kutoka Ulaya. Gari zinapigana vizuri, lakini hakuna hadithi. Namaliza mchezo na Sweet Tooth, sioni ombi wala simwoni Calypso. CD ni mbovu? (Msomaji, Shela, Lamu)

Waaleikum salaam. CD yako ni nzima. Toleo la Ulaya la Black lilitolewa bila zile filamu fupi za hadithi, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Toleo la Marekani la 2001 ndilo lenye hadithi kamili. Kwa mchezo ambao roho yake ni maombi, huu ni upungufu mkubwa, na kwa kuwa PS2 nyingi zilizoingia pwani ni za mtindo wa Ulaya, tunadhani wako wengi waliocheza Black miaka yote wakijua ni gari na moto tu.

Kulitambua toleo ulilonalo, tazama herufi nne za mwanzo kwenye namba ya CD, iliyochapishwa juu ya CD yenyewe na kwenye uti wa kasha. SCES ni ya Ulaya. SCUS ni ya Marekani.

Ukitaka hadithi, itakubidi upate CD ya SCUS pamoja na mtambo unaoikubali. PS2 ya Ulaya huikataa CD ya Marekani. Itakuandikia kuwa haiijui. Hapo watu hununua PS2 iliyotumika ya Marekani, na hapo ndipo mitambo mingi inapokufa siku ya kwanza. Zile PS2 nene za Marekani zimeandikwa nyuma volti 120, na stima yetu ni 240. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja mdogo, harufu ya kuungua, basi. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Kikisema 120V peke yake, tafuta transfoma ya kushusha, kutoka 240 hadi 110 au 120, yenye uwezo usiopungua wati 100. Ile ndogo ya kichaji cha simu haitoshi. PS2 nyembamba nyingi zina adapta ya nje. Soma maandishi ya adapta hiyo, na kama ni ya 120 peke yake, kuibadilisha adapta ni rahisi kuliko kununua transfoma, mradi volti inayotoka na ncha ya waya vilingane na vya asili.

Jambo la mwisho ni TV. Mtambo wa Marekani hutoa picha za mfumo wa NTSC. TV ya zamani inayojua PAL peke yake, yaani mfumo wa Ulaya na wa huku kwetu, itakuonyesha picha nyeusi na nyeupe, au picha inayopanda na kushuka bila kutulia. Wengi hudhani mtambo ni mbovu wakaupeleka kwa fundi, naye akaufungua bure. Ijaribu kwanza kwenye TV nyingine. TV bapa za siku hizi karibu zote zinaipokea NTSC bila taabu.

Kwa nini kila anayeshinda anaumia? Mchezo hauna haki: unapigana saa nzima, unamaliza wote, halafu zawadi inakuua. Hakuna ombi ambalo Calypso angeshindwa kulipindua? (Msomaji, Muyeye, Malindi)

Malalamiko yako tunayaelewa, lakini tazama kwa karibu linalotokea, kwa sababu Calypso ana mwiko mmoja ambao hauvunji: hadanganyi. Anakupa ulichosema. Ubaya umo katika nafasi iliyobaki kati ya ulichosema na ulichotaka.

Chukua mchezo wa 2012. Dollface ni mwanamitindo aliyefunikwa uso kwa barakoa asiyoweza kuivua. Anashinda, anaomba awe kwenye njia kubwa kuliko zote duniani ya kupita wanamitindo. Kwa Kiingereza neno hilo la njia ya wanamitindo, "runway," ndilo pia neno la njia ya kurukia ndege. Calypso anampeleka uwanja wa ndege, katikati ya njia, na ndege inakuja. Alipata njia, na ilikuwa kubwa kweli. Hakuna neno lake hata moja lililovunjwa.

Sweet Tooth wa mchezo huo huo hakuponzwa na neno lenye maana mbili. Yeye anamtafuta binti yake, Sophie, aliyemponyoka zamani. Anaomba afikishwe alipo. Calypso anamfikisha pale pale alipo, na Sophie alikwishakufa, yumo kaburini. Sweet Tooth anazinduka ndani ya jeneza, chini ya udongo, na aliyekuwa akimtafuta yuko ubavuni mwake. Ombi lilisema mahali, halikusema hali.

Kuna na njia ya tatu, iliyoko tangu 1995, nasi twaiona kali kuliko zote kwa sababu hapo Calypso hafanyi hila yoyote. Charlie Kane, mzee wa teksi ya Yellow Jacket, anaomba akutanishwe na mwanawe aliyepotea. Anakutanishwa. Mwanawe ni Needles Kane, yule muuaji wa gari la aiskrimu. Mzee alipewa ukweli mtupu.

Sasa swali lako: ombi lisilopindika. Ukizitazama njia hizo tatu utaona dawa yake. Taja kitu kwa sifa zake, usikitaje kwa jina peke yake. Taja hali pamoja na mahali. Na usiombe kujua usichokuwa tayari kukijua. Ombi dogo lina usalama kuliko kubwa: katika mchezo wa kwanza Sweet Tooth anamtaka rafiki yake mkubwa aliyepotea, naye ni mfuko wa karatasi. Mfuko wa karatasi una pembe gani ya kupindia?

Pia si kweli kwamba wote wanaumia. Katika Black, mara nyingi Calypso humpa mtu alichoomba kama kilivyo, na giza la hadithi linatoka kwa mwombaji mwenyewe na aliyoyafanya kabla ya kufika. Na Calypso naye aliwahi kupatikana: katika mchezo wa pili, wa 1996, Krista Sparks anakuja kama binti yake, anamkumbatia, kumbe alichokumbatia ni bomu. Mtu aliyezoea kuyapekua maneno ya wengine hakulipekua kumbatio.

Sisi ni vijana watano wa Langoni, Lamu. Tunachora hadithi ya picha ya Kiswahili yenye mtu kama Calypso, ila mashindano ni ya majahazi, si ya magari, maana hapa kwetu gari ni za kuhesabu. Tatizo ni mwisho. Tumejaribu kuiga ule mzaha wa njia ya wanamitindo na njia ya ndege, na kila anayesoma anauliza "sasa imekuwaje?" Tumekosea wapi? (Vijana, Langoni, Lamu)

Mmekosea mahali pamoja tu, na panarekebishika. Fumbo lile linategemea neno moja la Kiingereza lenye maana mbili. Kwa Kiswahili hizo ni njia mbili zenye majina mawili, kwa hiyo Calypso wenu anaonekana ametoa kitu ambacho hakikuombwa. Akishafanya hivyo amekuwa mwongo, na nguvu yake imekwisha. Fumbo la namna hii halitafsiriwi. Mnalitafuta upya ndani ya lugha yenu, na Kiswahili kina maneno ya kuwatosha mpaka mchoke.

Lakini kuna mtego, nao ni ngeli. Kiingereza hakina upatanisho wa namna yetu, kwa hiyo neno lenye maana mbili hubaki limefumba mpaka mwisho wa sentensi. Kiswahili kinalifumbua. Chukueni "ndege." Mhusika akisema "nataka ndege yangu mwenyewe," msikilizaji amekwishajua ni eropleni, akisema "ndege wangu," ni kiumbe. Calypso akimletea kunguru aliyeomba "ndege yangu," msomaji wa Lamu atamwambia mchoraji kwamba hajui Kiswahili. Vivyo hivyo "kaa": kaa la moto na kaa wa mikokoni. "Paa": paa la nyumba na paa wa porini. Maneno haya ni mazuri masikioni, ila kiambishi kimoja tu kinaitoa siri nje.

Kwa hiyo chagueni neno ambalo maana zake zote mbili zimo katika ngeli moja. Tunawapa matatu tuliyoyapima, nanyi mtaongeza yenu.

La kwanza ni "matanga," na kwa hadithi ya majahazi hili ndilo letu la mbele. Nahodha ameshindwa miaka yote kwa sababu tanga lake ni dogo, limeshonwa viraka. Anashinda mashindano makuu, anaulizwa anataka nini. Anasema: "Nipe matanga makubwa ambayo Lamu haijapata kuyaona." Angalieni upatanisho: makubwa, ambayo, kuyaona. Matanga ya jahazi ni ngeli hiyo, na matanga ya msiba ni ngeli hiyo hiyo. Hakuna kiambishi hata kimoja kinachomwonya. Picha inayofuata isiwe na maneno. Chora mikeka iliyotandikwa kuanzia mlangoni kwake mpaka mwisho wa mtaa, viatu vimejaa nje ya baraza, madele ya kahawa, watu wameinama na juzuu mikononi. Na kwa mbali, gatini, jahazi lake limefungwa, tanga lile lile la viraka limekunjwa kwenye foromali. Msomaji ataelewa mwenyewe, na ataumia, kwa sababu yote aliyoomba yamo.

La pili ni "daraja." Karani wa Malindi amekaa cheo kimoja mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Anaomba: "Nipandishe daraja la juu kabisa." Anafumbua macho, yuko juu ya ukingo wa daraja la Sabaki, mto umefurika chini, lori linakuja. Hapa muwe waangalifu: wako wanaosema "daraja ya kwanza" kwa maana ya cheo na "daraja la mto" kwa maana ya kivuko. Mhusika wenu akisema "ya juu," mlango umefungwa. Lazima aseme "la juu," na ili isionekane amewekewa neno mdomoni, mwacheni alitumie hivyo hivyo mara moja au mbili mapema katika hadithi, akilalamika kuhusu mshahara.

La tatu ni "chombo." Aliyepoteza jahazi lake baharini anasema "nirudishie chombo changu," na anapewa sahani ya nyumbani kwake iliyovunjika akiwa mtoto. Hili ni jepesi kidogo, lafaa kwa mhusika mdogo, si kwa mwisho wa hadithi.

Ipo na njia ya pili ya kuikwepa ngeli: tumieni neno bila kulipatanisha na chochote. "Nataka kuruka na ndege" halimwambii mtu ni ndege gani. Au tumieni kitenzi, kwa kuwa kitenzi hakina ngeli yake: "kupanda mnazi" ni kuutia ardhini na ni kuukwea. Mzee anayetaka kupanda minazi mia shambani kwake ataipanda yote, mmoja baada ya mwingine, mpaka kileleni.

Sasa namna ya kuipanga kwenye kurasa. Ombi lisizidi sentensi moja, maneno sita hadi kumi. Likirefuka, msomaji anaanza kulichunguza na kuliona fumbo kabla ya wakati. Baada ya ombi, Calypso wenu alirudie neno kwa neno kama anayehakikisha: "Matanga makubwa ambayo Lamu haijapata kuyaona?" Naye nahodha aitikie. Kurudia huku ndiko kunakomfanya Calypso awe mkweli, na msomaji akirudi nyuma kusoma tena ataona alionywa. Kisha tokeo lije kwa picha moja au mbili, bila Calypso kueleza. Tumeona hadithi nyingi zinazoharibika hapo: muovu anasimama kufafanua maana ya pili ya neno kama mwalimu wa darasa la nne. Kama picha yenu inahitaji ufafanuzi, badilisheni neno.

Na jambo ambalo ni zito kuliko ngeli: ombi litoke kwenye kidonda cha mhusika. Dollface anaomba njia ya wanamitindo kwa sababu uso wake umefungwa ndani ya barakoa na hataki kuishi bila kutazamwa. Ombi lake lingekuwa pesa, ile ndege ingekuwa kifo cha bahati mbaya tu. Nahodha wenu awe na sababu ya kutaka matanga. Labda baba yake alichekwa kwa tanga hilo hilo la viraka, na huyu mwana hasikii kingine akilala. Chorea kurasa tatu nne za kichekesho hicho mapema, msomaji amhurumie, ndipo mikeka ile itakapomchoma. Kama mnataka kulichora tanga kwa usahihi, Matondoni mko karibu. Nendeni mkatazame jinsi linavyofungwa kwenye foromali na kamba zinavyopita, maana wasomaji wenu wa Lamu watalikagua kabla ya kumkagua Calypso.

Usimwadhibu aliyeomba vizuri. Mkiwa na wahusika watano, mmoja apewe alichotaka na aondoke nacho salama. Hapo tu ndipo msomaji atakapoendelea kutumaini kwa mwingine.

Mtoto wangu wa miaka tisa anacheza hii michezo kwenye kibanda cha gemu. Inafaa? (Mama, Barani, Malindi)

Mama yetu, inategemea ni upi. Black wa 2001 na ule wa 2012 vimewekwa Marekani katika daraja la miaka 17 kwenda juu, na tunakubaliana nalo kabisa: kuna mauaji ya karibu, damu na hadithi za watu walioteswa. Hivyo viwili usimruhusu. Ule wa 1995 na wa 1996 ni gari kulipuka zaidi kuliko mtu kuumia, na miisho yake ni maandishi na michoro. Hata hivyo kwa miaka tisa tungependa mtu mzima awe karibu. Muulize mwenye kibanda ni CD gani aliyoiweka, na umwombe akuonyeshe kasha.

Tamthilia ya Twisted Metal ina Calypso? (Msomaji, Ngala, Malindi)

Ndiyo, lakini usimtafute mwanzoni. Msimu wa kwanza wa 2023 ni safari ya John Doe, anayeigizwa na Anthony Mackie. Mashindano yenyewe yako msimu wa pili, wa 2025, na Calypso anaigizwa na Anthony Carrigan.

Kuna mchezo ambao mtu anaweza kuendesha akiwa Calypso mwenyewe? (Msomaji, Mkomani, Lamu)

Upo, Twisted Metal 4 wa 1999. Humo Sweet Tooth ndiye aliyeyashika mashindano, na Calypso ameshushwa akawa dereva kama wengine. Kwa hadithi si mzuri kama wa pili, lakini kumwona Calypso akilipigania ombi ni jambo la kutazamwa mara moja.

Kila nikifika Hong Kong kwenye mchezo wa pili nakufa. Rafiki yangu ana namna ya kuwagandisha maadui bila kuokota chochote, hataki kuniambia. Nisaidieni, nataka kuona mwisho wa dereva Axel. (Msomaji, Kisumu Ndogo, Malindi)

Rafiki yako anatumia mapigo ya siri yanayokula nguvu ya ule mstari mdogo unaojijaza wenyewe pole pole. Yanabonyezwa kwa mishale ya pedi, haraka, moja baada ya nyingine:

Kugandisha: kushoto, kulia, juu.
Kuruka: juu, juu, kushoto.
Ngao: juu, juu, kulia.
Kupiga nyuma: kushoto, kulia, chini.
Kudondosha bomu la ardhini: kulia, kushoto, chini.
Kutoonekana: kulia, chini, kushoto, juu.

Wengi hujaribu mara mbili, wakakosa, wakasema ni uongo. Sababu ni kwamba mishale hiyo hiyo ndiyo usukani. Ukiibonyeza taratibu, gari linakata kona badala ya kutoa pigo. Gusa kwa ncha ya dole gumba, mguso mfupi mfupi, na gari likiwa limenyooka. Ukiwa na pedi yenye vijiti viwili, hakikisha ile taa nyekundu ya katikati imezimwa. Mchezo huu ni wa 1996, pedi za vijiti zilikuja baadaye, na taa ikiwaka pedi inaweza isisikike kabisa.

Kama mshale mmoja unakataa na mingine yafanya kazi, huo ni ugonjwa wa pwani: chumvi imeingia chini ya mpira. Fungua skurubu za nyuma ya pedi, inua mpira mweusi, pangusa vidoti vyake na ubao wa chini kwa pamba yenye spiriti safi, acha ikauke dakika kumi, rudisha. Usitumie marashi wala spiriti yenye rangi. Huacha utando, na baada ya wiki mshale unakufa tena.

Sasa Hong Kong. Anayekungoja mwisho ni Dark Tooth, gari la aiskrimu kubwa kupita kiasi. Usimkabili uso kwa uso, kwa sababu makombora yake hukumaliza kabla hujamaliza yako. Ingia uwanjani na hazina: usitumie makombora makubwa kwa maadui wadogo wa mwanzo, wamalize kwa bunduki na kwa kuwagandisha, ili silaha nzito zibaki. Akija, mgandishe, mpige mawili matatu, ondoka kabla barafu haijayeyuka, zunguka jengo, subiri mstari ujae, rudi. Inachukua muda, lakini haimalizi uhai wako. Na gari lake likishalipuka usiweke pedi chini: kichwa chake chenye moto huendelea kukufuata, na hapo ndipo wengi hufa wakiwa wamekwishaanza kushangilia. Bakiza ngao moja kwa ajili ya kichwa hicho.